Uzito wa Wanawake Wanane

Nilikuwa namba saba. Katika timu yetu ya kuvuta kamba hakuna mwanamke aliyeitwa kwa jina lake. Mwalimu alitupanga kuanzia namba moja, aliyesimama mbele akitazamana na wapinzani, hadi namba nane, aliyejifunga kamba mwilini na kukaa nyuma kabisa kama kigingi. Baada ya miezi michache hata majirani kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa safu kwa safu, walituita hivyo hivyo. Mtoto wa namba mbili akitumwa kwangu husimama mlangoni na kusema, "Mama anauliza kama namba saba ako na chumvi."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Kwetu ni karibu na Silibwet, ambako baba alikuwa na chai kidogo, ng'ombe wawili na watoto tisa. Nilikuja kuchuma majani kama kibarua, wa kuandikwa miezi mitatu na kuandikwa tena kama supavaisa amependa. Nilikuwa mwaka wa pili hapo wakati mwalimu aliponiona nikipanda kutoka bondeni kwenye mvua, kikapu changu mgongoni na cha mwenzangu, aliyeteguka mguu, kifuani. Alinisimamisha, akanitazama miguu kama mtu anayenunua ndama.

"Kesho saa nane uje nyuma ya kiwanda," akasema. "Usivae sketi."

Huyo mwalimu alikuwa fundi wa boila kiwandani, na zamani alikuwa mwanajeshi. Alikuwa Mkipsigis kama mimi, na kamba kwake ilikuwa "kampa," jambo ambalo wenzetu waliotoka upande wa ziwa walilicheka mpaka yeye mwenyewe akazoea kucheka nao. Meneja alikuwa amempa amri moja: timu iwe ya mchanganyiko. Miaka michache kabla ya hapo watu walikuwa wamechomeana nyumba kwenye mipaka ya mashamba, na meneja alitaka wageni wake waone mikono ya Wakipsigis na ya watu wa ziwani kwenye kamba moja. Kwa hiyo tulipangwa wanne kwa wanne, wao na sisi tukichanganywa. Ndivyo nilivyojikuta namba saba, na nyuma yangu, akinihemea shingoni kila siku ya Mungu, namba nane.

Yeye alitoka kule chini kwenye joto, karibu na maji, na alikuwa mwanamke mkubwa kwa kila namna: mabega, sauti, kicheko. Alikuwa na mtoto mmoja aliyemwacha kwa mama yake. Wiki ya kwanza hatukusemezana zaidi ya salamu. Wiki ya pili nilianguka, naye akaniangukia juu, na tulipoinuka tumejaa matope hadi masikioni akasema, "Sasa wewe ni ndugu yangu. Nimekulalia kuliko bwana yangu." Tangu siku hiyo aliniita Nyar Silibwet, yaani binti wa Silibwet kwa lugha yao.

Siku zetu zilikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi tunakimbia barabara ya vumbi inayozunguka shamba, umande umelowesha miguu mpaka magotini. Saa moja tunavaa aproni za nailoni na kuingia kwenye majani kama wafanyakazi wengine. Saa nane mchana, wenzetu wanapoendelea kuchuma, sisi tunaruhusiwa kutoka, na siku yetu inaandikwa nzima. Hilo lilitosha kututafutia maadui. Wanawake wengine walitusindikiza kwa maneno: "Nendeni mkacheze, sisi tutawachumia."

Haukuwa mchezo. Nyuma ya kiwanda palikuwa na mkaratusi mkubwa. Mwalimu alifunga roda kwenye tawi, akapitisha kamba ya mkonge nene kama mkono wa mtoto, na upande wa pili akaning'iniza pipa lililojazwa mawe na saruji. Kazi yetu ilikuwa kuliinua hilo pipa na kukaa nalo juu. Anahesabu polepole. Mvua ya Kericho inakuja saa zile zile kila siku, wakati mwingine na mawe ya barafu, naye anaendelea kuhesabu. "Mkitumia mikono mtachoka," alikuwa akisema. "Mikono ni ya kushika tu. Vuta na ardhi." Ilinichukua miezi miwili kumwelewa. Siku moja visigino vilizama, mgongo ukanyooka, na nikahisi pumzi ya namba nane nyuma yangu ikitoka pamoja na yangu, na ya namba sita mbele ikitoka pamoja na yetu, na pipa likapanda lenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa sijawahi kuhisi kitu kama hicho, kanisani wala kwingineko.

Baada ya mazoezi tulikwenda nyumbani kwa namba nane. Tulipakana mafuta ya ng'ombe viganjani, kwa sababu mkonge ulichuna ngozi na utomvu wa majani chai ukaingia kwenye vidonda na kuviacha vyeusi. Tulikandana migongo kwa maji moto. Yeye alipika omena, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao kwetu hawaliwi na ambao nilianza kuwala nimefumba macho. Nami nilipotoka nyumbani nilileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, yeye akanusa mkaa ndani yake akasema, "Hii maziwa imeungua," kisha akamaliza kikombe. Tulikuwa wanawake wanane kwenye chumba kimoja, na nje watu walikuwa bado wanahesabiana nani ni wa kabila gani. Sisi tulisahau. Nasema kweli, tulisahau.

Ila namba tatu, yeye hakuja sana. Alikuwa mkubwa kwetu kwa umri, mke wa mlinzi, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Alitoka upande mmoja na namba nane, na waliishi mlango kwa mlango, lakini waligombana juu ya pipa la kukinga maji ya mvua na hawakupatana vizuri tena. Kwenye kamba hakuwa na mfano.

Mwaka wa pili wa timu, meneja alikuja nyuma ya kiwanda amevaa koti la mvua. Alisema mashindano ya mashamba yanakuja, na tukirudi na kikombe, wote walio vibarua kwenye timu watapata barua ya kazi ya kudumu. Tuliokuwa vibarua tulikuwa watano, mimi na namba nane tukiwemo. Kazi ya kudumu ilikuwa chumba chako mwenyewe, likizo, matibabu. Ilikuwa kutoogopa tena mwisho wa mwezi wa tatu. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kwenye mashindano hayo timu ilipimwa yote pamoja: wanawake wanane wasizidi uzito fulani. Mwalimu alitupima kwenye kituo cha majani, kwa mizani ile ile ya chai inayoning'inia. Alishona magunia mawili yakawa kama bembea, akayatundika kwenye ndoano, nasi tukakaa ndani mmoja mmoja huku karani anasoma mshale na wachumaji wengine wanacheka. Mara ya kwanza tulikuwa sawa. Baada ya wiki tatu tulikuwa tumezidi kilo tatu.

"Nani anakula?" mwalimu akauliza.

Akatuamuru tupunguze. Mimi niliacha chakula cha jioni. Nilikimbia nimevaa masweta mawili na nailoni juu yake. Nilichuma chai nikiona nyota mchana. Wiki iliyofuata nilikuwa nimepungua, na namba nne na tano pia, lakini timu ilikuwa bado imezidi, kwa sababu namba nane alikuwa ameongezeka.

Aliniambia mwenyewe. Tulikuwa mtoni tukifua, sisi wawili, Jumapili mchana. Aliacha kusugua, akatapika kwenye nyasi, akanawa uso.

"Nyar Silibwet, usiniulize," akasema. "Unajua tayari."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu. Baba yake ni dereva wa lori. Ameshahama." Akakamua nguo kwa nguvu. "Nataka nishikilie mpaka mashindano yaishe. Nikipata barua, hawawezi kunifukuza na mimba. Nikiwa kibarua, unajua vile wanafanya."

Nilijua. Kibarua mwenye mimba hakufukuzwa. Hakuandikwa tena, basi.

"Na kamba?" nikamuuliza. Kamba ya namba nane hupita chini ya kwapa, hukata mgongo na kushuka juu ya bega la pili, na watu saba wakirudi nyuma yeye ndiye anayekanyagwa.

"Mama yangu alilima akiwa na mimi tumboni mpaka siku ya kuzaa. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," nikasema. Na niliposema hivyo nilikuwa namaanisha.

Ijumaa ya wiki hiyo mwalimu alinizuia baada ya mazoezi, wenzangu walipokwisha kuondoka. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi na hakunitazama usoni.

"Namba saba, wewe utapumzika," akasema. "Nitaweka yule msichana mdogo wa akiba. Yeye ni mwepesi, uzito utakaa sawa."

"Mwalimu, mimi nimepunguza. Nimelala njaa."

"Najua. Lakini baada ya namba nane wewe ndiye mzito, na namba nane siwezi kumtoa. Yeye ndiye timu."

Watu wanaposimulia mambo kama haya husema hawajui kilichowapata. Mimi najua. Niliona barua ya kazi ikienda kwa msichana ambaye mikono yake haikuwa hata na sugu. Nilimwona baba akiniuliza nimerudi kufanya nini. Nikaona kwamba nimelala na njaa wiki mbili kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine. Halafu, baada ya hayo yote, nikamfikiria mtoto. Yeye alikuja mwisho, lakini ndiye niliyemtanguliza mdomoni.

"Namba nane ana mimba," nikasema. "Kamba itaua mtoto."

Mwalimu aliacha kufuta mikono.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi peke yangu."

"Basi enda nyumbani."

Jumatatu alimwita namba nane pembeni, chini ya ule mkaratusi, nasi tukawaona wakizungumza. Hakupiga kelele. Alirudi akachukua viatu vyake, akapita katikati yetu bila kumwangalia mtu. Mwalimu alituambia, "Namba nane ametoka. Namba saba anarudi nyuma kwenye nafasi yake, na msichana wa akiba anaingia saba." Ili kubadilisha orodha ilibidi aandike sababu, na karatasi ikapita kwa karani, na kwa karani ikafika kwa supavaisa. Mwisho wa mwezi, namba nane hakuandikwa tena.

Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Siwezi kueleza kwa nini nilikwenda. Labda nilitaka aniulize, nimalizane na hilo jambo. Alikuwa ameketi kwenye kitanda kisicho na godoro, godoro lenyewe limekunjwa sakafuni, na mimi nilikuwa nimelipigia magoti nikizungusha kamba ya manila.

"Ni namba tatu," akasema.

Nikaendelea kuzungusha kamba.

"Alinikuta nikitapika nyuma ya choo. Akanitazama tu, hakusema pole. Huyo ndiye amepeleka maneno. Kwa sababu ya pipa la maji, unaweza kuamini? Mtu wa kwetu." Kisha akasema, "Wewe peke yako ndiye nilikuambia, na wewe hukusema."

Ile ilikuwa nafasi yangu. Ilikuwa kubwa kama mlango. Nilikaza fundo, nikasema, "Godoro liko tayari."

Nilimbebea mpaka barabarani. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, ile mikono migumu, akaniambia nivute vizuri.

Maneno yalienea kwenye laini kabla ya jua kutua: namba tatu amemchoma mwenzake. Hakuna aliyemuuliza. Tulifanya mazoezi naye kila siku, tukashika kamba moja, mgongo wake ukipanda na kushuka pamoja na migongo yetu, na kamba ikiwekwa chini hakuna aliyempa hata maji. Kwenye nyumba ya namba mbili, ambako sasa tulikutana kupakana mafuta, hakualikwa. Siku moja alikuja bila kualikwa, akasimama mlangoni na kikopo chake cha mafuta. Namba tano, Mkipsigis mwenzangu, alisema kwa sauti ya kusikika, "Humu ndani kuna watu wanaotunza siri, mama." Alisimama kidogo, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo wangu wazi, namba sita akiukanda. Sikusema neno.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa shamba lingine. Tulipimwa, tukawa ndani ya uzito. Nilijifunga kamba kama nilivyomwona yeye akijifunga, chini ya kwapa, mgongoni, juu ya bega. Refa akainua mikono: shika, kaza, vuta. Fainali ilikuwa ndefu kuliko zote. Wale wengine walituvuta hatua mbili tukiwa tumelala karibu chini, na mtu aliyeturudisha alikuwa namba tatu. Niliona kisogo chake kikizama, nikaona visigino vyake vikichimba udongo mwekundu kama jembe, na akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamke asiye na uchungu wa kuzaa. Tukasogea, hatua moja, kisha nyingine. Tulishinda. Watu wakaingia uwanjani, meneja akapigwa picha na kikombe, sisi tukakumbatiana na kuangukiana tukilia. Nilipoinua kichwa nikamwona ameketi peke yake kwenye nyasi, anatoa udongo kwenye kucha za miguu kwa kijiti.

Meneja alitimiza ahadi. Nilipata barua yangu. Kwa barua hiyo nilipata chumba, nikasomesha wadogo zangu wawili, nikamjengea mama jikoni ya mabati kule Silibwet. Sitaki kusema kwamba haikunifaidi. Ilinifaidi sana. Namba tatu alikuwa na kazi ya kudumu tangu mwanzo, hakupata kitu. Baada ya miezi miwili mume wake aliomba uhamisho, wakaenda shamba jingine. Timu iliendelea mwaka mmoja zaidi. Tulivuta, lakini sikusikia tena ile pumzi moja. Mwalimu alipostaafu hakuna aliyechukua nafasi yake, na nyuma ya kiwanda pakajengwa ghala.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilimpeleka mama hospitali ya Kapkatet kwa ajili ya macho. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mwanamke aliyekaa upande wa pili wa mama, amejifunika leso kichwani, aligeuka, nikamtambua kwa shingo kabla ya uso. Alikuwa namba tatu. Alinisalimia kwa heshima, akamsalimia mama kwa Kikipsigis, "Chamgei," akauliza macho yana nini. Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuondoka. Safari hii nilisema.

"Ule wakati wa timu. Si wewe uliyepeleka maneno. Ni mimi."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Wiki ile ile. Nilienda kwa mwalimu nikamuuliza ni nani amenichafua jina. Akaniambia. Akaniomba ninyamaze mpaka fainali ipite, kwa sababu timu itavunjika."

"Na baada ya fainali?"

"Baada ya fainali nilikuwa nimewachoka." Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Kisha akaendelea, "Namba nane pia anajua. Nilimkuta sokoni nilipoenda nyumbani kwa matanga. Anauza samaki. Mtoto wa ile mimba ni mvulana, tayari ana mwili kama wa mama yake. Nikamwambia ni wewe. Sikufichi, nilitaka akulaani. Lakini alilia, akasema, 'Basi Nyar Silibwet aliokoa mtoto wangu. Mimi ningevuta mpaka atoke.' Akasema nikikuona nikushukuru."

Muuguzi aliita jina la mama. Nilimshika mkono kumwinua, lakini namba tatu alikuwa bado ananitazama.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akaniuliza. "Ulisema kwa ajili ya mtoto?"

Mama alikuwa amesimama kati yetu, haoni, anauliza mlango uko wapi.

"Ndiyo," nikamjibu.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akavuta leso yake mbele. Sijui kama aliamini. Nilimwongoza mama ndani, daktari akamulika macho yake, akatuambia tumechelewa kwa jicho la kushoto lakini la kulia linaweza kusaidiwa. Tulipotoka, benchi lilikuwa na watu wengine.